Nilimjibu muuguzi “saa mbili,” sikumwambia ni saa mbili ipi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 31, ninaishi Malaba upande wa Uganda, nina mke na watoto wawili. Ni karani katika ofisi ya mawakala wa forodha. Naomba usitaje jina langu wala jina la kliniki ninayotibiwa, kwa kuwa tatizo ninalokuandikia nimelianzisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Miaka minne iliyopita niliugua. Kwa majuma matatu sikulala zaidi ya saa mbili kwa usiku, nikagawa cherehani ya mke wangu kwa mtu ambaye hata leo hatumjui, na usiku mmoja wa mvua nikashika barabara ya Tororo kwa miguu nikiamini kwamba nimetumwa kupeleka ujumbe. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenitafuta, akanipeleka Kampala, nikalazwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi. Tangu hapo natumia lithiamu, vidonge vya miligramu 400 vya aina inayotoa dawa polepole, viwili kwa pamoja, saa mbili usiku. Kaka ndiye anayelipia dawa na vipimo. Siku niliyotoka hospitali aliniambia mbele ya mama yetu: “Nitakulipia mpaka mwisho, lakini siku utakapoanza kuchezea dawa, usinipigie simu.”

Dawa ilinifaa. Mwaka jana kiwango kwenye damu kilikuwa 0.7, daktari akaridhika, nami nikawa mtu kama watu.

Mapema mwaka huu nilihamishiwa shifti ya usiku, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, kwa sababu malori ya mpakani hayalali. Nikawa nameza vidonge saa mbili usiku nikiwa mezani pangu, nimevificha kwenye kiganja, na ilipofika kama saa saba mikono ilianza kutetemeka. Kazi yangu ni kunakili namba za kontena, herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu moja ikikosewa lori linakaa na dereva anatukana mpaka jioni. Usiku mmoja niliandika 6 iliyosomeka kama 0. Bosi wangu, ambaye hajui lolote kuhusu ugonjwa wangu, aliniuliza kama nimeanza kunywa pombe. Nilichokunywa ni kahawa tu, vikombe vinne au vitano vya kunikesha. Basi nikaamua kuhamisha dawa iwe saa mbili asubuhi, nikishafika nyumbani, ili mtetemeko unikute usingizini. Sikumwambia mtu.

Siku ya kupimwa damu niliondoka Malaba saa tisa usiku kwa basi. Sikunywa maji njiani, kwa kuwa basi halisimami ovyo na dawa hii hunipeleka haja ndogo mara kwa mara. Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye jamu Mukono, nikatoa vidonge vyangu, nikavimeza kwa mafunda mawili ya maji niliyopewa na jirani yangu wa kiti. Damu ilichukuliwa saa tano. Muuguzi aliniuliza, “Za saa mbili umemeza?” Nikasema, “Ndiyo, za saa mbili.” Niliiona kalamu yake ikiandika “saa mbili usiku.” Akasema zimepita kidogo zile saa kumi na mbili za kusubiri baada ya kumeza, lakini si neno. Shangazi, mdomo wangu haukusema uongo. Lakini niliona alichoandika, nikanyamaza.

Siku mbili baadaye daktari alinipigia simu. Kiwango kilikuwa 1.2. Akasema nipunguze, nimeze kidonge kimoja, nirudi baada ya miezi mitatu. Sasa yapata majuma matano.

Tangu juma lililopita ninalala kwa muda wa saa tatu tu baada ya kazi na sichoki. Nimechukua mkopo wa pikipiki ili niwe na boda yangu, bila kumshauri mke wangu. Juzi alinitazama kwa muda mrefu, akasema, “Unasikika kama mwaka ule wa cherehani.” Nilikasirika, kisha nikaogopa.

Vidonge ninavyo vya kutosha kwenye kopo. Ninajua kwamba 1.2 ilikuwa namba ya uongo kwa sababu ya saa. Je, nirudie viwili kimya kimya, kila kitu kirudi kama zamani na kaka asijue? Au nimwambie daktari, nionekane mtu asiyeaminika, na nipoteze msaada wa kaka? Siku ile pia nilikuwa nimemaliza dawa za mgongo nilizonunua dukani, za siku tano, lakini hizo nadhani hazihusiki.

Karani wa Usiku, Malaba

*

Mwanangu Karani,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu mambo mengine muhimu umeyaweka pembeni kama mtu anayeficha ndizi mbovu chini ya chane. Nikikosea mahali utanisahihisha, lakini nimekuelewa hivi: uliihamisha saa ya dawa kwa sababu ambayo kila mfanyakazi angeielewa, damu yako ikachukuliwa saa tatu baada ya kumeza huku kliniki ikidhani ni saa kumi na tano, daktari akapunguza dozi kwa namba hiyo, na sasa unaona ugonjwa unabisha hodi. Unataka kurekebisha kosa bila mtu kujua kwamba lilitokea.

Nianze na jibu lako kwa muuguzi. Kwa Kiswahili chetu saa mbili ni mbili kwa siku, na mwuliza swali hakusema ni ipi. Katika miaka niliyovaa sare ya uuguzi niliuliza swali hilohilo kwa namna hiyohiyo, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na nikaandika jibu nililotarajia badala ya nililopewa. Siandiki haya ili kukuondolea sehemu yako, maana mwenyewe umesema uliiona kalamu ikiandika. Nataka tu ujue kwamba mzigo huo una vishikio viwili, na mtu wa kliniki mwenye uzoefu atakiona cha upande wake mara utakapomsimulia.

Sasa tuiangalie hiyo saa yenyewe. Umewahi kuona mama akilala na jiko la mkaa lililofunikwa majivu ili asubuhi akute moto bado upo? Kidonge kinachotoa dawa polepole kimetengenezwa kwa nia ya namna hiyo. Kidonge cha kawaida cha lithiamu huyeyuka upesi na kupandisha dawa kwenye damu katika saa chache za mwanzo, na kupanda huko kwa kasi huwasumbua wengi kwa kichefuchefu na mikono kutetemeka. Kile cha polepole huitoa dawa kidogo kidogo, kilele kinakuwa cha chini zaidi na kinachelewa, mara nyingi saa nne au tano hivi baada ya kumeza. Lakini kilele bado kipo. Ukihesabu kutoka saa mbili usiku utaona kwa nini mikono yako ilichagua saa saba, na kahawa uliyokuwa unakunywa nayo huongeza mtetemeko. Kwa hiyo uliyoyaona mwilini mwako uliyaona vizuri, na sababu uliyoifikiria ina msingi.

Kwa sababu ya mlima huo, madaktari walikubaliana kwamba damu ya mtu anayetumia lithiamu ichukuliwe saa kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho, dawa ikiwa imeshuka na kutulia. Vile viwango unavyovisikia, kati ya 0.6 na 1.0 kwa watu wengi wanaoitumia kwa muda mrefu, vimewekwa kwa damu ya saa kumi na mbili. Ukiichukua saa tatu baada ya kumeza, umempima mpanda mlima akiwa karibu na kilele ukadhani yuko bondeni. Namba haikudanganya, ilijibu swali ambalo daktari hakuwa ameuliza.

Hapo ndipo ninapotaka kukusimamisha kidogo, kwa kuwa umeandika “ninajua kwamba 1.2 ilikuwa namba ya uongo kwa sababu ya saa,” nami ninajiuliza kama unajua au unatumaini. Zile dawa za mgongo unazodhani hazihusiki ndizo zilizonifanya nichukue kalamu. Duka la dawa likikuuzia dawa za mgongo za siku tano, mara nyingi huwa ni diklofenaki au ibuprofeni, na dawa za kundi hilo huzuia figo kuitoa lithiamu kama inavyopaswa, kiwango kikapanda hata kama dozi haijabadilika. Ongeza safari ya usiku kucha bila maji. Figo huiona lithiamu kama ndugu wa chumvi: mwili ukikaukiwa maji au ukipungukiwa chumvi, figo hushikilia chumvi, na lithiamu hushikiliwa pamoja nayo. Inawezekana basi kwamba 1.2 ilitokana na saa peke yake, au na dawa ya mgongo na kiu peke yake, au na vyote vikichangia. Ipo hata sababu nyingine ambayo wewe huwezi kuijua, kwa kuwa kuna chupa za damu za maabara, mara nyingi zenye kifuniko cha kijani, ambazo ndani zimepakwa heparini ya lithiamu ili damu isigande, na sampuli ikiwekwa humo kwa makosa namba hupanda bure. Siidhanii maabara yako vibaya. Ninaitaja ili uone ni maswali mangapi yanaweza kukaa nyuma ya tarakimu mbili.

Kwa upande mwingine, upo ushahidi unaokuunga mkono, nao umo kwenye kadi yako. Mwaka jana, kwa vidonge viwili saa mbili usiku, ulipimwa 0.7. Kwa lithiamu, figo zikiwa vilevile, dozi ikipungua nusu kiwango nacho hushuka karibu nusu, na mabadiliko hayo hukamilika katika siku tano hadi saba hivi. Kama mwili wako haukubadilika, basi kwa kidonge kimoja huenda umekaa na kiwango cha karibu 0.35 kwa zaidi ya mwezi, chini kabisa ya kile kilichokushikilia. Hesabu hii ningependa daktari wako aifanye akiwa na habari zote. Sasa hivi ana namba mbili, 0.7 na 1.2, na anaamini zote zilipimwa kwa saa zinazokaribiana.

Tuzipitie njia unazoziona, na nyingine ambayo hukuitaja.

Ya kwanza ni kufungua kopo na kurudia vidonge viwili kimya kimya. Ninaelewa kwa nini inavutia: ni rahisi, haina aibu, na huenda hata ikatokea kwamba ndiyo dozi utakayorudishiwa. Lakini ichunguze vizuri. Iwapo kiwango kilipanda kwa sababu ya figo, utakuwa umeongeza dawa kwa mwili usioweza kuitoa, na lithiamu ni dawa ambayo nafasi kati ya kutibu na kudhuru ni nyembamba. Juu ya 1.5 wengi huanza kuonyesha dalili za sumu, na wengine huzionyesha kabla ya hapo. Tena kwa vidonge vya polepole madhara ya kuzidisha huweza kuchelewa, kwa hiyo mtu akimeza na kujisikia salama baada ya saa mbili tatu hajapata uhakika wowote. Na utakaporudi baada ya miezi mitatu, daktari atapima akidhani unameza kimoja, atasoma namba ya viwili, na atapunguza tena. Uongo mdogo wa kalamu ya muuguzi utakuwa umepata mdogo wake.

Wapo wanaojaribu njia ya katikati, kidonge kimoja na nusu. Baadhi ya vidonge vya polepole vina mstari na mfamasia anaweza kukuruhusu uvikate, vingine haviruhusiwi kukatwa hata kidogo, na hakuna kinachopaswa kutafunwa wala kusagwa, kwa kuwa ukikivunja umeyapangusa majivu na moto wote unawaka mara moja.

Njia ya pili ni kuendelea na kimoja na kusubiri tarehe yako. Ni majuma saba au manane. Hukuiuliza, lakini ndiyo unayoiishi sasa, na watu wengi huishi humo huku wakidhani bado wanatafakari. Nikikuuliza mwaka ule wa cherehani ulichukua muda gani kutoka usiku wa kwanza wa saa tatu za usingizi hadi barabara ya Tororo, utanijibu nini? Mke wako ameshajibu kwa namna yake. Ninakuomba usimhesabie kama kero, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kumpendeza mwenyewe unapoanza. Humfanya ajisikie mwerevu na mwenye nguvu, wakati mtu wa nje anaona kitu kingine. Kwamba ulikasirika kisha ukaogopa kunanipa moyo, kwa kuwa hofu hiyo ni sehemu yako iliyo nzima ikizungumza.

Njia ya tatu ni kuieleza kliniki, na hapa naona hofu tatu zimefungwa kamba moja.

Unahofia daktari atakuona mtu asiyeaminika. Huenda akakunja uso, ni binadamu. Lakini angalia unachokwenda kumwambia: hukuacha dawa, hukuruka hata siku moja, ulihamisha saa kwa sababu ya mtetemeko kazini na hukusema. Kumeza asubuhi si dhambi katika dawa hii. Inachotaka ni saa ileile kila siku, na kila mtu anayekutibu aijue. Isipokuwa mtu wa asubuhi anapata shida siku ya kipimo, kwa sababu saa kumi na mbili baada ya dozi yake ni saa mbili usiku na maabara nyingi zimefungwa. Akisubiri hadi kesho yake asubuhi, damu itakuwa ya saa ishirini na nne, namba itasomeka chini kuliko kawaida, na daktari lazima ajue ndipo asidhani dawa imepungua. Mazungumzo haya ya wafanyakazi wa usiku yalipaswa kufanyika tangu ulipohamishwa shifti, na si kwako peke yako. Askari, madereva, wauguzi wenyewe, wote jioni yao ni asubuhi ya wengine. Daktari anaweza kuona inafaa ubaki asubuhi, au urudi usiku kwa namna fulani na mtetemeko utafutiwe dawa au kupunguziwa kahawa, lakini hiyo kahawa usiikate kwa siku moja, maana kuiacha ghafla kunaweza kupandisha lithiamu. Na kuhamisha saa kwenyewe kunahitaji mpango, ili usije ukameza dozi mbili ndani ya saa kumi na mbili.

Unahofia kaka. Hapa sitajifanya ninamjua kuliko wewe. Ninasoma tu maneno yake, “siku utakapoanza kuchezea dawa,” nikikumbuka yalitoka kwa mtu aliyekuwa ametoka kukutafuta kwenye mvua. Je, alimaanisha kuhamisha saa? Au alimaanisha kuiacha, kuificha chini ya godoro, kudanganya? Huenda kwake ni kitu kimoja. Huenda akiisikia kutoka kwako mapema ataipokea kwa namna moja, na akiisikia wodini ataipokea kwa nyingine. Wewe ndiye unayejua sauti yake. Daktari hana haja ya kumwambia kaka yale unayomweleza, hata kama kaka ndiye anayelipa, na unayo haki ya kumwomba yabaki kati yenu mpaka uwe tayari.

Hofu ya tatu, ya bosi, hukuiuliza moja kwa moja nami nitaipita. Hakuna linalokulazimu kumweleza leo.

Hiyo njia ambayo hukuitaja ni kutopita peke yako. Mke wako ameona mabadiliko kabla ya kipimo chochote. Ungeweza kukaa naye ukamsomea barua hii uliyoniandikia, kisha simu ya kliniki mkaipiga pamoja, yeye akieleza usingizi na wewe ukieleza saa. Ungeweza pia kumwachia hati za pikipiki na pesa ya mkopo iliyobaki kwa majuma machache, kama mtu anavyompa jirani ufunguo anaposafiri. Na kama Kampala inaonekana mbali kwa juma hili, hospitali ya rufaa iliyoko Mbale ni karibu nawe zaidi, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Huko wako maafisa tabibu waliosomea magonjwa haya, nao wanaweza kukuona, kukusikiliza na kuwasiliana na daktari wako. Kwa usingizi wa saa tatu na mkopo wa ghafla, simu hiyo ningeipiga leo kabla ya shifti, lakini mguu ni wako.

Ukiamua kupiga, utasaidika ukiwa na karatasi yenye mambo haya: saa uliyomeza na asubuhi au usiku, tangu lini ulihamisha, saa damu ilipochukuliwa, jina la dawa ya mgongo kama ganda lake lipo, vikombe vya kahawa, na saa za usingizi kwa siku saba zilizopita. Kipimo kipya kikipangwa, waulize damu ichukuliwe saa ngapi na dozi ya siku hiyo uimeze kabla au baada. Uulize pia kuhusu vipimo vya figo na vya tezi ya shingoni, ambavyo kwa kawaida mtumiaji wa lithiamu hufanyiwa kila miezi sita hivi. Mgongo ukirudi, parasetamoli kwa kawaida ndiyo inayopatana na dawa yako zaidi, lakini mwambie muuza duka unatumia nini kabla hajafungua kabati.

Kuna jambo moja ambalo sitalizungusha. Ukipata kutapika au kuharisha, mikono ikitetemeka kwa nguvu isiyo ya kawaida, ukipepesuka kama mlevi, ulimi ukiwa mzito, au akili ikichanganyika, usimeze kidonge kingine na usisubiri kupambazuka. Nenda hospitali iliyo karibu, uwaambie neno “lithiamu” kabla ya mengine. Hata malaria ya kawaida yenye homa na kutapika ni sababu ya kuuliza kabla ya kuendelea na dozi, kwa kuwa maji yanayokutoka huacha dawa nyuma. Na ukipitisha siku nzima bila usingizi kabisa huku kichwa kikikimbia, mke wako asisubiri ruhusa yako ya kukupeleka. Mpe ruhusa hiyo sasa, ukiwa bado unaweza kuitoa.

Ninatambua kwamba ulitaka nikuambie viwili au kimoja. Siwezi, kwa kuwa hata daktari wako hawezi mpaka ajue saa mbili yako ilikuwa ipi. Leo, kabla ya simu na kabla ya shifti, andika ile karatasi kwa mwandiko uleule unaonakilia namba za kontena. Na ukiniandikia tena, nitapenda kujua kipimo kipya kilisomeka ngapi, na saa uiandike pamoja na asubuhi yake au usiku wake.

Ni mimi,
Shangazi